Kusoma Ushahidi wa Ramani: Ramani Shirikishi za Mtandaoni na Mabadiliko ya Bayoanuwai Katika Ziwa Nakuru

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya analijua jibu la swali hili: Ziwa Nakuru linasifika kwa nini? Kwa heroe. Jibu hilo liliandikwa katika vitabu vya jiografia, likachapishwa kwenye kadi za posta na mabango ya utalii, likakaririwa katika mitihani hadi likawa kama sehemu ya jina la ziwa lenyewe. Hata hivyo, mkazi wa mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, anayeishi kilomita chache tu kutoka ziwani, anaweza kupitisha miaka kadhaa bila kuuona ule utepe wa rangi ya waridi uliokuwa ukilizunguka ziwa. Alichokishuhudia badala yake ni maji. Katika mwongo mmoja hivi baada ya mwaka 2010, ziwa lilipanuka likameza lango kuu la hifadhi, barabara za watalii, msitu wa migunga ufukweni na makazi ya watu katika sehemu za Mwariki na Barut.

Kati ya yale tuliyokariri na haya yanayoonekana, ni lipi la kuaminiwa? Na je, mtu asiye mwanasayansi anaweza kujua kwa njia gani ni nini hasa kilichobadilika, wapi na tangu lini? Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja ambacho kimeliweka swali hilo mikononi mwa mtu yeyote mwenye simu ya rununu: ramani shirikishi za mtandaoni. Hoja yetu ni kwamba kila doa katika ramani ya aina hii ni ushahidi wa mtu au mtambo uliokuwa mahali fulani kwa wakati fulani. Na ushahidi haupokelewi kabla shahidi hajaulizwa maswali. Huenda msomaji akashangaa ramani za ndege zinatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Tunamwomba asubiri kidogo, kwa sababu mojawapo ya maswali magumu zaidi yanayozikabili ramani hizi ni swali la sarufi.

Maana ya istilahi

Bayoanuwai ni jumla ya tofauti zilizopo baina ya viumbe hai: tofauti za kinasaba ndani ya spishi moja, wingi wa spishi zenyewe, na aina mbalimbali za mazingira ambamo spishi hizo huishi. Wapo wanaoandika bioanuwai. Tofauti hiyo haina uzito kwa madhumuni yetu. La muhimu ni kwamba bayoanuwai si orodha ya wanyama wakubwa tu. Mwani usioonekana kwa jicho tupu katika Ziwa Nakuru una nafasi katika dhana hii sawa na kifaru anayepigwa picha na watalii, na kama tutakavyoona, mwani huo ndio ulioamua hatima ya heroe.

Neno ramani, kwa upande wake, linafanana mno na rahmani, jina walilolitumia manahodha wa Bahari ya Hindi kwa vitabu vyao vya kuongozea vyombo. Kitabu cha nahodha hakikuwa picha ya bahari. Kilikuwa mkusanyiko wa maelezo ya waliotangulia: ukifika hapa utaona kilima, ukipita pale utakuta mwamba. Kwa maana hiyo, ramani shirikishi iko karibu na rahmani kuliko ramani ya ukutani tuliyozoea darasani. Nyuma yake pana hazina ya data, yaani maelfu au mamilioni ya taarifa, kila moja ikiwa na mahali, tarehe na mwandikaji wake. Picha tunayoiona kwenye kioo cha tarakilishi ni vigae vidogo vidogo vinavyoletwa kutoka kwenye hazina hiyo kadiri mtumiaji anavyosogea, anavyokaribia au anavyojitenga. Juu ya vigae hivyo huwekwa matabaka: mito, misitu, mipaka, maeneo waliyoonekana ndege. Mtumiaji huliwasha tabaka moja na kulizima jingine, huvuta kipimo cha wakati kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na akibonyeza doa, doa humweleza lilitoka wapi. Uwezo huo wa mwisho ndio tunaouthamini zaidi.

Tumetumia kivumishi shirikishi tukijua kwamba kina maana mbili. Msomaji hushiriki kwa kuigeuzageuza ramani. Aidha, anaweza kushiriki kwa kuichangia. Kenya ina historia ya pekee katika maana hii ya pili. Mnamo Januari 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilipoenea katika Bonde la Ufa na maeneo mengine, Nakuru ukiwa miongoni mwa miji iliyoathirika vibaya, kikundi cha wataalamu na wanablogu wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia kiliunda tovuti iliyowawezesha wananchi kutuma taarifa kwa arafa au mtandaoni, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Baadaye programu hiyo ilitumiwa katika nchi nyingi duniani, na jina lake la Kiswahili halikutafsiriwa. Kwa maoni yetu, jina hilo linaifafanua ramani ya aina hii vizuri kuliko istilahi nyingi za kitaalamu.

Ziwa lililobadilika zaidi ya mara moja

Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi. Hulishwa na mito Njoro, Makalia na Nderit pamoja na mito mingine midogo na chemchemi za Baharini, lakini halina mto wa kulitoa maji. Maji huondoka kwa mvuke na kuacha chumvi nyuma. Katika maji hayo makali hustawi aina ya mwani iitwayo kitaalamu Arthrospira fusiformis, na mwani huo ndio chakula kikuu cha heroe mdogo, Phoeniconaias minor. Heroe mkubwa, Phoenicopterus roseus, hutegemea zaidi wadudu na viumbe wengine wadogo wa majini, na idadi yake ziwani imekuwa ndogo siku zote. Kwa hivyo yale makundi yaliyolifanya ziwa liitwe la waridi yalikuwa ya heroe mdogo, ambayo nyakati fulani yalizidi ndege milioni moja. Ndege hao hawakuzaliwa Nakuru. Mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, nao huhama baina ya maziwa ya magadi usiku kufuata chakula.

Hadhi ya ziwa ilipanda kwa hatua. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, likawa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na mwaka 2011 likatangazwa na UNESCO kuwa sehemu ya urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Lakini hadhi ni jambo moja na maji ni jambo jingine.

Ni kosa kudhani kwamba ziwa lilikuwa limetulia tuli hadi maji yalipofurika. Kuanzia miaka ya 1950, samaki wadogo wanaostahimili magadi, waliotoka katika Ziwa Magadi, waliingizwa Nakuru ili wapunguze mbu. Samaki wakazaana, na pamoja nao wakaja walaji samaki: mnandi, furukombe na, juu ya wote, mwari weupe ambao walijenga viota Elementaita na kuruka kila siku kuja kuvua Nakuru. Kwa hiyo utajiri wa ndege ambao watalii wa miaka ya 1970 waliuona kuwa wa asili tangu enzi, kwa sehemu ulitokana na uamuzi wa binadamu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ramani yoyote ya mabadiliko huhitaji mwaka wa kuanzia, na uchaguzi wa mwaka huo hauna uadilifu wa moja kwa moja. Ukianza na 1950, mwari ni mgeni. Ukianza na 1980, ni mwenyeji.

Badiliko la karibuni ndilo lililopimwa kwa ukamilifu zaidi, na limepimwa kutoka angani. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za uso wa dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo zinapatikana bila malipo. Mwaka 2016, Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya kilichapisha ramani shirikishi ya maji ya juu ya ardhi duniani kote tangu 1984, iliyotokana na picha hizo. Kila kipande cha ardhi cha takriban meta 30 kwa 30 kina kumbukumbu yake: kilikuwa maji au nchi kavu? Tangu lini? Msomaji akiivuta ramani hiyo hadi Nakuru ataona jinsi ukingo wa ziwa ulivyosogea. Katika tabaka la mabadiliko, kijani huashiria maji yaliyoongezeka na nyekundu huashiria maji yaliyopungua. Hapa ndipo msomaji asiye makini hujikwaa. Katika mazungumzo yetu ya mazingira, kijani ni heri na nyekundu ni shari. Lakini kijani kinachouzunguka Ziwa Nakuru ni migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini na ni mashamba ya watu waliolazimika kuhama.

Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na Aidan Byrne wa King's College London walichapisha katika jarida la Current Biology matokeo ya uchunguzi wa maziwa 22 ya Afrika Mashariki kwa kutumia data za setilaiti za 1999 hadi 2022. Kwa Ziwa Nakuru walikadiria kuwa eneo la ziwa liliongezeka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, ilhali wastani wa kiini cha kijani cha mwani katika maji ulipungua kwa nusu. Maelezo ni mepesi kufahamika: maji mengi ya mito yalizimua magadi, mwani ukapungua, chakula cha heroe kikawa haba. Wakati huohuo, perege wa maji baridi walionekana ziwani na uvuvi ukaanza mahali ambapo hapo awali hapakuwa na cha kuvua. Ukilitazama kwa jicho la heroe, ziwa limeharibika. Ukilitazama kwa jicho la furukombe, pengine limetengenea.

Miraba na maswali yake

Setilaiti huona maji na rangi ya mwani. Haioni kibisi akizamia kando ya matete wala haimtofautishi mnandi na bata. Kwa ndege, shahidi sharti awe binadamu mwenye darubini.

Mradi wa Kenya Bird Map ulianza mwaka 2013 ukifuata utaratibu uliotangulia kutumika Afrika Kusini tangu 2007, ambao sasa umeenea katika nchi kadhaa za Afrika. Nchi hugawanywa katika miraba, kila mmoja ukiwa na dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo; kwetu karibu na ikweta hiyo ni takriban kilomita 9 kwa 9. Mtazamaji anayetaka kujaza kadi kamili hutumia muda usiopungua saa 2 ndani ya mraba mmoja, akijitahidi kufika katika kila aina ya mazingira yaliyomo, na huandika spishi zote anazozitambua kwa mpangilio wa kuonekana kwake. Anaweza kuiongezea kadi hiyo spishi mpya kwa muda wa hadi siku 5. Wengi hutumia programu ya simu, nayo huhifadhi mahali na wakati hata pasipo na mtandao. Kadi hutumwa, huhakikiwa, kisha mraba hubadilika rangi.

Kabla ya hapo palikuwa na atlasi ya ndege wa Kenya iliyotungwa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy na kuchapishwa mwaka 1989. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na bado inastahili heshima, lakini miraba yake ilikuwa ya nusu digrii, yaani takriban kilomita 55 kila upande. Mraba mmoja wa zamani hubeba miraba 36 ya sasa. Tuseme ndege fulani aliishi katika kinamasi kimoja pembeni mwa mraba wa zamani. Atlasi iliutia alama mraba mzima. Leo ndege huyohuyo, katika kinamasi kilekile, atapata alama katika mraba mmoja mdogo, na ile 35 mingine itabaki mitupu. Mtu akizibandika ramani hizo mbili pamoja bila kufikiri atatangaza kwamba ndege ametoweka katika sehemu 35 kati ya 36. Hakuna ndege aliyetoweka. Kilichopungua ni ukubwa wa mraba.

Swali la pili linahusu bidii ya watazamaji. Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni, kwamba mraba fulani ulipata kadi 4 katika mwaka mmoja na kadi 40 miaka kumi baadaye. Mnandi alikuwamo katika kadi 2 za mwanzo na katika kadi 10 za baadaye. Ramani ya madoa itaonyesha mnandi ameongezeka mara tano. Lakini uwiano wa kadi zenye mnandi umeshuka kutoka asilimia 50 hadi 25. Kwa sababu hiyo, watafiti hawahesabu madoa. Huuliza ni kadi ngapi zilizojazwa kwa jumla, na ni ngapi kati yake zilizomtaja ndege anayehusika. Kadi isiyomtaja ndege nayo ni ushahidi, mradi tu mwandikaji aliandika kila alichokitambua. Ni kwa sababu iyo hiyo eBird, mfumo wa kimataifa ulioanzishwa Marekani mwaka 2002, humwuliza kila mchangiaji iwapo orodha yake ni kamili. Swali hilo dogo huweza kuonekana kama usumbufu wa kiofisi. Kwa hakika ndilo linaloigawa kazi ya sayansi na shajara ya matembezi.

Swali la tatu ni la ukubwa wa tukio. Kadi ya atlasi husema ndege yupo. Haisemi ni wangapi. Heroe mmoja mgonjwa aliyebaki nyuma na heroe laki moja huipa ramani rangi ileile. Kwa spishi inayoishi kwa makundi na kuhamahama, upungufu huu ni mkubwa. Ndiyo maana hesabu za ndege wa majini, ambazo Makavazi ya Taifa ya Kenya na washirika wake wamezifanya kila Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazikupitwa na wakati kwa ujio wa ramani. Zile ni idadi bila mtawanyo. Hizi ni mtawanyo bila idadi. Kila moja ni shahidi wa nusu ya kisa.

Tena, mistari ya miraba haikuchorwa kwa kumjali mtu wala ziwa. Ziwa Nakuru limekatwa na mistari hiyo likaangukia katika miraba kadhaa, na mitaa ya mji yenye nyumba zilizobanana huweza kuwa ndani ya mraba uleule wenye ukingo wa kaskazini wa ziwa. Msomaji wa haraka atadhani mwari huonekana juu ya paa za mabati. Mwenye kubonyeza mraba na kuangalia kumbukumbu atajua kwamba karibu watazamaji wote huenda ndani ya hifadhi, ambako ndege ni wengi, na kuupita mji.

Jambo moja zaidi lafaa kutajwa. Si kila ushahidi hutangazwa hadharani. Nakuru ilifanywa hifadhi maalumu ya vifaru mwaka 1987, na hakuna mtunza hazina ya data mwenye busara atakayemwonyesha jangili mahali kifaru alipolala jana. Mifumo mikubwa huficha au kutia ukungu mahali halisi pa spishi zinazowindwa. Kwa hivyo doa la kiumbe adimu linaweza kuwa limesogezwa kwa makusudi kilomita kadhaa, na mtafiti asiyesoma maelezo huweza kujenga nadharia nzima juu ya doa lililodanganya kwa wema.

Tabaka juu ya tabaka: nani alaumiwe?

Nguvu ya ramani shirikishi, na hatari yake pia, ni kuweka tabaka moja juu ya jingine. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu iliyohifadhiwa nchini, sehemu kubwa ikiwa katika Mau Mashariki, ambako ndiko mito inayolilisha Ziwa Nakuru huanzia. Tangu 2014 tovuti ya Global Forest Watch imemwezesha mtu yeyote kuona miti iliyopotea mwaka kwa mwaka. Liwashe tabaka hilo, liwashe na lile la maji, na hadithi inajiandika yenyewe: msitu umekatwa juu, ziwa limefurika chini. Katika mji kama Nakuru, ambako masuala ya ardhi ya Mau yameshikana na ukabila, siasa na kumbukumbu za watu kufukuzwa makwao, hadithi hiyo si ya kitaaluma tu. Inamtaja mkosaji.

Je, ni ya kweli? Hapa ramani yenyewe hutoa dawa yake, iwapo msomaji atakuwa na subira ya kujitenga kidogo na kuangalia eneo pana zaidi. Ziwa Naivasha, linalopata sehemu kubwa ya maji yake kutoka milima ya Nyandarua na si Mau, nalo lilipanda katika miaka hiyohiyo. Baringo lilipanda, Bogoria likapanda. Ziwa Viktoria lenyewe lilifikia kimo kisicho cha kawaida mwaka 2020. Kisababishi kilicho Mau peke yake hakiwezi kueleza yote hayo. Ripoti ya serikali kuhusu kupanda kwa maziwa hayo, iliyotolewa mwaka 2021, iliipa mvua iliyoongezeka na mabadiliko ya tabianchi uzito mkubwa, huku ikitaja pia matumizi mabaya ya ardhi na udongo unaosombwa na mito. Ukataji wa misitu hausamehewi kwa hoja hii: maji yanayoteremka mlimani pasipo miti hushuka kwa kasi na kubeba tope. Ila kuna tofauti kati ya kuchangia na kusababisha, na ramani yenye matabaka mawili tu haiwezi kuionyesha tofauti hiyo.

Lugha ya ufunguo

Tumefika sasa katika eneo letu. Kila ramani ina ufunguo, yaani kisanduku kinachoeleza maana ya rangi na alama. Ramani nyingi tulizozitaja zina ufunguo wa Kiingereza, na majina ya ndege ni ya Kiingereza na Kilatini. Mkazi wa Barut aliyehamishwa na maji ni mhusika mkuu wa ramani, lakini si msomaji wake. Kutafsiri ufunguo kunaonekana kazi ya jioni moja. Tulipojaribu kuutafsiri, tuligundua mambo mawili.

La kwanza ni majina. Heroe ni neno zuri lililomo katika kamusi zetu, lakini ni neno la pwani; Nakuru wenyewe, hata wanapozungumza Kiswahili, husema flamingo. Kisanduku cha kutafutia kisipoyakubali maneno yote mawili, kitamfukuza mtumiaji mmoja au mwingine. Hali ya korongo ni ngumu zaidi. Neno hilo hubeba ndege wa jamii kadhaa wenye miguu mirefu, ambao sayansi huwatenga kabisa, na juu ya hayo humaanisha pia bonde jembamba lililochimbwa na maji. Ndani ya hifadhi, mtu anaweza kumwona korongo korongoni. Kamusi za Kiswahili zilitegemea sana usemi wa mwambao, hivyo zina utajiri wa majina ya samaki wa bahari na ufukara wa majina ya ndege wa nyanda za juu. Majina hayo yapo katika Gikuyu, katika lugha za Wakalenjin na katika Kimaasai, na mengi hayajakusanywa kwa utaratibu. Tunadhani ni afadhali kuazima kutoka kwa majirani hawa kuliko kubuni mezani majina marefu yatakayobaki katika orodha za istilahi.

La pili, na kwetu ndilo zito zaidi, ni sarufi ya kutokuwapo. Mraba mtupu katika ramani una maana zaidi ya moja, na rangi ya kijivu haizitofautishi. Kiswahili kinazitofautisha bila kujitaabisha. Tukiandika hayupo, tumetoa hukumu. Tukiandika hajaonekana, kiambishi -ja- kimeuacha mlango wazi: tulitazama, hatukumpata, lakini kesho haijafungwa. Tukiandika haonekani tena, tumedai mambo mawili kwa pamoja, kwamba alikuwapo na kwamba sasa tumemkosa. Na dai la kwanza linahitaji ushahidi wake lenyewe. Maana ya nne ndiyo inayosahauliwa mara nyingi: hapajachunguzwa. Hapa kiima kimebadilika. Si ndege tena anayesemwa, bali mahali, na nyuma ya mahali hapo ni sisi tusiofika. Mabadiliko hayo ya kiambishi kimoja, kutoka ha- ya ndege hadi hapa- ya mahali, hubeba onyo ambalo watunzi wa ramani huandika aya nzima kulieleza, na wasomaji hawaisomi.

Tunapendekeza, basi, kwamba ufunguo wa Kiswahili wa ramani za bayoanuwai utumie vitenzi badala ya nomino: ameonekana, hajaonekana, haonekani tena, hapajachunguzwa. Maneno hayo manne yanaingia katika kisanduku kidogo cha simu, na mwanafunzi wa darasa la sita anayafahamu bila kufunzwa. Wahadhiri wa isimu watatuambia iwapo utaratibu huu unavumilia lahaja zote. Tunatazamia mjadala huo kwa hamu.

Neno la mwisho kati ya hayo manne linahusu pia mitaa yetu. Kadi nyingi za Nakuru hutoka hifadhini, na Section 58 hupitwa na watazamaji wanaoelekea langoni. Kwarara hupita juu ya mtaa kila alfajiri akipiga kelele za kuwaamsha waliochelewa kulala, na korongo wakubwa wenye upara husimama kando ya majalala kama wazee wa baraza. Kadi kamili ya mraba huchukua saa 2, na jalala lina haki ya kuorodheshwa sawa na ufuo wa ziwa.